Kosa si la majini

Jumapili iliyopita nilikuwa nimeketi barazani kwangu hapa Magogoni, Kisauni, nikinywa kahawa ya tangawizi, mara shemeji yangu akatokea na mfuko mkononi. Hata hodi hakuimaliza.

“Shemeji, vitabu vyako hivi! Alama za mwanangu zimeshuka, na usiku kucha yuko na majini. Vikae kwako mpaka amalize mtihani wa mwisho.”

Nyuma yake alisimama kijana mwenyewe, mwanafunzi wa sekondari, kainamisha kichwa.

Nikajua mshitakiwa hasa ni mimi. Mimi ndiye niliyemtia maradhi ya kupenda visa vya ajabu. Nilimpa Adili na Nduguze cha Shaaban Robert, kilichotoka mwaka 1952, akiwa bado shule ya msingi. Humo mna jini Huria, na ndugu wawili wenye husuda waliogeuzwa manyani, ambao Adili hulazimika kuwachapa kila usiku huku roho ikimwuma. Tangu siku hiyo kijana hataki kitu kingine.

Nilimmiminia shemeji kahawa. Nikamwambia, “Una haki, usiku ni wa kulala. Lakini kosa si la majini. Kosa ni kula chakula cha aina moja asubuhi, mchana na jioni.” Kisha nikamletea vitabu ninavyosoma mimi siku hizi.

Cha kwanza ni Walenisi cha Katama Mkangi, mwana wa Pwani hii hii, aliyefariki mwaka 2004. Kilitoka mwaka 1995. Dzombo anahukumiwa kufa kwa kutiwa katika chombo cha angani, lakini chombo kile kinamfikisha nchi ya Walenisi. Litamke jina hilo polepole: wale ni sisi. Safari ni ya angani, lakini swali ni la hapa chini: watu waishi vipi ili asiwepo mnyonyaji?

Cha pili ni cha upelelezi, Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammed Said Abdulla wa Unguja, cha mwaka 1960. Maiti ya Bwana Ali inakutwa penye mzimu. Mpenzi wa majini ataingia mbio akitarajia pepo, kumbe atakutana na Bwana Msa na kiko chake, mtu asiyekubali neno bila ushahidi. Kijana akizoea kufikiri hivyo, hata somo la sayansi litamnyookea.

Cha tatu ni mashairi, Sauti ya Dhiki ya Abdilatif Abdalla, mzaliwa wa Mombasa. Alifungwa mwaka 1969 hadi 1972 kwa sababu ya waraka wake, Kenya: Twendapi? Mashairi hayo aliyaandika gerezani kwenye karatasi za chooni, na mwaka 1974 yakapata Tuzo ya Jomo Kenyatta. Hapa hamna jini, lakini mna ajabu kubwa zaidi: mtu kafungiwa peke yake, na bado hakunyamaza.

Cha nne ni safari za Ibn Battuta, aliyepita Mombasa mwaka 1331. Aliona misikiti ya mbao, na watu waliokula ndizi na samaki. Tangu nisome hayo, kila nikivuka Daraja la Nyali hukitazama kisiwa kama mgeni.

“Sasa, shemeji,” nikasema, “kinachomvuta msomaji katika vyote hivi ni kimoja: hamu ya kujua kilichofuata. Ukiiua hamu hiyo, usidhani mtoto atahamia kitabu cha baiolojia. Atahamia simu.”

Alinyamaza kidogo. “Na mtihani je, Ami atamfanyia?” Kijana akacheka, mimi nikameza kahawa.

Tukapatana hivi. Mfuko utakaa kwa mama. Kila Ijumaa, kazi ya shule ikiisha, atampa kitabu kimoja, na hakuna kurudia aina ile ile mara mbili mfululizo. Saa nne usiku taa inazimwa. Na kabla ya kupewa kingine, amsimulie mama yake kile alichomaliza. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi, lakini hawakusema mvunje.

Kama alama zitapanda, tutajua muhula ukiisha. Ila juzi shemeji alinipitia tena, safari hii hodi kaimaliza vizuri. Akaangalia huku na huku, kisha akaninong’oneza:

“Shemeji, huyo kijana wako anasimulia polepole mno. Hebu niambie, nani kamwua Bwana Ali?”

Sikumwambia. Nilimpa kitabu akasome mwenyewe. Panapo majaliwa, tukutane Jumapili ijayo.