Damu Haifundishi Kazi

Michezo ya njozi ya mtandaoni, ambayo maelfu ya watu huicheza pamoja katika ulimwengu mmoja wa kubuni, ina ada moja inayostahili kushutumiwa. Mchezaji aingiapo hutakiwa kwanza achague kabila. Yapo majitu ya kijani yenye meno yaliyochomoza. Wapo wafupi wa migodini wenye ndevu. Wapo warefu wa msituni wenye masikio ya ncha. Kila kabila limekwisha kuandikiwa tabia yake: hili nguvu, hili hekima, hili hila. Kila baada ya miaka kadhaa watungaji huleta kabila jipya ili wachezaji wasichoke. Sura huwa mpya, lakini kosa ni lile lile: kudai kwamba kazi na akili ya mtu hutoka katika damu yake.

Na aitwe mtungaji mmoja kisiwani Mafia, aambiwe aunde kabila jipya kwa mfano wa watu wa huko. Bila shaka atauliza: hawa wamezaliwa na kipaji gani? Akifika Jibondo atawaona wavuvi hodari, ataandika bahari. Akifika vijiji vya kaskazini atawaona watu wa minazi na mpunga, ataandika shamba. Kumbe Jibondo ni kisiwa cha mawe ya matumbawe, jembe halina faida kubwa hapo. Kaskazini uko udongo. Ardhi ndiyo iliyogawa kazi, wala si damu. Mtoto wa kaskazini akilelewa Jibondo atayajua maji ya bamvua na maji mafu sawasawa na wenziwe.

Wala shida yake haitakwisha hapo. Mwanazuoni Pat Caplan, aliyekaa katika kijiji cha kaskazini mwa Mafia katika miaka ya 1960 na kutoa kitabu mwaka 1975, alionyesha kwamba mtu wa huko hurithi ukoo kwa baba na kwa mama pia, akawa na haki katika koo kadhaa kwa wakati mmoja. Mahali pa kulima, mahali pa kukaa na watu wa kushirikiana nao hufuata ukoo aliochagua kuushika. Mchezo una nafasi ya jibu moja. Mtu huyu anayo kadhaa, na yote ni ya kweli.

Watetezi husema kwamba pasipo tofauti za kuzaliwa, makabila yote yatakuwa kitu kimoja na mchezo utapooza. Hoja hiyo ni dhaifu. Mwaka 2012 World of Warcraft iliingiza Wapandaren, watu wenye umbo la panda, ambao huanza bila upande, kisha kila mchezaji huamua mwenyewe ajiunge na kambi ipi kati ya mbili zinazopigana. Mchezo ule ungali hai. Hata hivyo damu haikuachwa: kila Mpandaren alijaliwa kufaidi chakula kuliko wengine. Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani wa mwaka 1974 uliozaa ada hii, umekwenda mbali zaidi. Katika kitabu chake cha mwaka 2024, nyongeza za nguvu na akili zimeondolewa katika kabila, zikatiwa katika malezi na kazi ya mhusika.

Asiseme mtu kwamba huu ni mchezo tu. Pwani hii imekwisha kuonja hesabu ya namna hiyo. Unguja, wakati wa vita vya 1939 hadi 1945, serikali ya Waingereza iligawa chakula kwa kufuata asili ya mtu. Jina lililoandikwa karatasini likaamua kitakachopikwa chunguni. Kijana anayezoea kuona kabila na tabia vimefungwa pamoja hufundishwa kuikubali karatasi ile.

Basi atakayeunda kabila jipya na alipe lugha, miiko, jamaa, madeni na mahali pa kuishi. Nguvu na hekima awaachie wachezaji wazitafute kwa kujifunza. Tofauti zitabaki, tena nyingi kuliko za sasa, wala hapana atakayehukumiwa kabla hajatenda.