Gasketi mpya pekee haitoshi, lipia na siku ya kukaza upya

MASHINE ya kusaga inapounguza gasketi ya silinda hedi katikati ya msimu, mwenye mashine huwa na haja moja tu, nayo ni injini iwake tena kabla wateja hawajahamia kwa jirani. Fundi anaitwa, gasketi mpya inanunuliwa, hedi inafunguliwa, inasafishwa na kurudishwa mahali pake. Injini ikinguruma, fundi hulipwa ujira wake na kuondoka. Kila mmoja huamini kuwa kazi imekwisha.

Kwa injini nyingi za zamani zinazosaga nafaka, kuvuta maji na kulima hapa nchini, kazi hiyo huwa haijakwisha. Kinachobaki ni kuzikaza upya bolti au nati za hedi baada ya injini kufanya kazi na kupata joto. Ni kazi ya saa chache tu, lakini ndiyo inayoamua kama gasketi hiyo itadumu miaka au itaungua tena kabla ya mavuno kwisha.

Mafundi wenyewe wamegawanyika katika jambo hili. Wapo wanaosema kuwa hedi isiyokazwa mara ya pili haijafungwa. Wapo pia wanaosema kuwa gasketi za siku hizi hazihitaji kuguswa tena, na kwamba anayerudi kukaza anatafuta pesa ya bure. Mkulima akisikia kauli hizo mbili hubaki njia panda, na mara nyingi huchagua ile isiyomgharimu kitu. Ukweli ni kwamba pande zote mbili zina haki, ila kila upande unazungumzia injini tofauti.

Ili kuelewa tofauti hiyo, ni vyema kujua gasketi inafanya kazi gani. Hedi ni kifuniko cha juu cha injini, nayo gasketi hukaa kati yake na bloku ili moto, maji na oili visichanganyike. Chukua mfano wa injini ya dizeli ya Perkins yenye silinda tatu, iliyofungwa kwenye trekta za Massey Ferguson 135 za miaka ya 1960 na 1970. Kipenyo cha kila silinda ni milimita 91 hivi. Dizeli inapolipuka kwa mgandamizo wa kilo 70 kwa kila sentimita ya mraba, hedi husukumwa juu kwa nguvu inayozidi tani nne kwenye silinda hiyo moja. Injini ikizunguka mara 2,000 kwa dakika, kila silinda hupata kishindo hicho mara 1,000 katika dakika hiyo hiyo.

Kinachoizuia hedi isinyanyuke ni bolti zake. Bolti iliyokazwa sawasawa huvutika kidogo mithili ya springi, na ule mvuto wake ndio unaoibana gasketi. Gasketi za injini za zamani zimetengenezwa kwa nyuzinyuzi au grafiti iliyoshikizwa na bati au shaba. Ni laini. Zikipata joto na uzito kwa mara ya kwanza husinyaa na kupungua unene. Gasketi ikipungua, bolti hulegea hata kama hakuna aliyeigusa, na nguvu aliyoiweka fundi siku ya kwanza hupungua.

Hapo ndipo hasara huanzia. Mwanzoni hakuna kinachoonekana. Baadaye moto hupata upenyo mdogo na kuanza kuila gasketi, maji ya rejeta hupungua bila kuvuja nje, injini huanza kuchemsha, na mwisho oili hugeuka rangi na kuwa kama chai ya maziwa. Oili iliyoingia maji hailindi tena beringi za krenki. Mwenye mashine aliyeanza na tatizo la gasketi hujikuta akihitaji kukereza hedi iliyopinda, au hata kufungua injini nzima. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na mfano ulio wazi kuliko huu kwa mwenye mashine ni vigumu kuupata.

Ndiyo maana vitabu vingi vya injini hizo za zamani huagiza hedi ikazwe tena. Kwa kawaida hufanyika mara moja baada ya injini kuwaka hadi kupata joto lake la kazi, na mara nyingine baada ya saa kadhaa za kazi. Baadhi ya vitabu hutaka kazi hiyo ifanyike injini ikiwa ya moto, vingine ikiwa imepoa kabisa, hasa pale hedi ilipotengenezwa kwa alumini. Hapa hakuna kubahatisha, kitabu cha injini husika ndicho kinachofuatwa.

Upande wa pili nao una hoja yake. Injini nyingi za magari na trekta zilizotengenezwa miaka ya karibuni zimebadilika. Gasketi zake ni za matabaka ya chuma, hazisinyai kama zile za zamani. Bolti zake hukazwa kwanza kwa kipimo maalumu, kisha huzungushwa kwa nyuzi, kwa mfano nyuzi 90, yaani robo mzunguko, mara moja au mbili. Katika injini nyingi za aina hiyo bolti huvutwa hadi karibu na mwisho wa uwezo wake, na nyingine hutumika mara moja tu, zikifunguliwa hununuliwa mpya.

Kuikaza bolti ya namna hiyo kwa mara ya pili kwa mazoea ya trekta la zamani ni kuiharibu. Inaweza kuvutika kupita kiasi na kupoteza nguvu, au kukatika ndani ya bloku. Mfanyabiashara mwenye gari dogo la mizigo lenye injini ya kisasa hapaswi kumruhusu fundi "aongeze kidogo" eti kwa usalama. Vilevile zipo gasketi mpya za injini za zamani zilizotengenezwa zisihitaji kukazwa tena, na maelezo hayo huandikwa kwenye pakiti. Anayetupa pakiti dukani kabla ya kuisoma ametupa maelekezo aliyoyalipia.

Kwa hiyo swali la kumuuliza fundi si kama yeye huwa anakaza tena au hakazi. Aulizwe injini hii ni ya aina gani, bolti zake hukazwa kwa kipimo peke yake au kwa kipimo na nyuzi, na gasketi iliyonunuliwa ni ya aina gani. Fundi anayejua kazi yake hatachukizwa na maswali hayo. Anayejibu kwamba mkono wake umezoea anastahili kuulizwa tena.

Suala la mkono lina uzito wake. Vijijini hedi nyingi hufungwa kwa spana ya kawaida iliyochomekwa kipande cha bomba ili kuongeza nguvu. Bolti moja hupata nguvu nyingi, ya jirani yake hupata kidogo, na hedi hukaa upande. Kifaa kinachotakiwa ni spana ya kupimia nguvu, ambayo mafundi huiita tokirenchi. Fundi mmoja wa kijiji anaweza kuona bei yake ni kubwa, lakini kwa kikundi cha wenye mashine watano au sita, au kwa chama cha umwagiliaji chenye pampu kadhaa, si mzigo wa kuwashinda. Kikitunzwa vizuri kitawahudumia wote kwa miaka mingi.

Hata kukaza upya kwenyewe kuna utaratibu. Hukazwa kwa mpangilio ulioonyeshwa kitabuni, ambao kwa kawaida huanzia katikati ya hedi kwenda pembeni. Nati iliyokwisha kukaa inaweza kung'ang'ania, tokirenchi ikaonyesha kipimo kimetimia ilhali nati haijasogea hata kidogo. Kwa sababu hiyo baadhi ya vitabu huelekeza nati ya namna hiyo ilegezwe kidogo, moja baada ya nyingine, kisha ikazwe hadi kwenye namba yake. Kuzilegeza zote kwa pamoja ni kosa.

Kazi hiyo ikimalizika, tapeti lazima zipimwe upya. Hedi ikishuka, hata kwa kiasi kisichoonekana kwa macho, nafasi ya vali hubadilika. Vali isiyofunga sawasawa huungua, na injini hupoteza nguvu na kuongeza moshi. Fundi aliyekaza hedi bila kugusa tapeti ameacha kazi njiani.

Kama mambo haya yanajulikana, mbona hayafanyiki? Sababu kubwa ni malipo. Fundi hulipwa kwa kazi ya siku moja. Akirudi wiki inayofuata, nauli ni yake na siku ni yake, na mwenye mashine humtazama kama mtu aliyekuja kurekebisha makosa yake mwenyewe. Kwa upande wake mwenye mashine haoni sababu ya kusimamisha mashine inayosaga vizuri huku foleni ya madebe ikiwa mlangoni. Hivyo wote wawili hunyamaza, na gasketi ikiungua tena hulaumiana.

Dawa yake ni makubaliano ya mwanzo. Pale injini au gasketi inapohitaji kukazwa upya, bei ya kazi ijumuishe safari ya pili, na sehemu ya ujira ibaki mkononi mwa mwenye mashine hadi safari hiyo ifanyike. Siku ipangwe mapema, iwe ile ambayo wateja ni wachache. Saa za kazi ziandikwe kwenye daftari lile lile la mauzo, ili ijulikane lini muda uliotajwa na kitabu umetimia.

Hesabu yake si ngumu. Mashine ikisimama asubuhi moja kwa kazi iliyopangwa, mwenyewe hupoteza mapato ya asubuhi hiyo na ujira mdogo wa fundi. Ikisimama kwa gasketi kuungua tena, hupoteza mapato ya siku zote za kusubiri vipuri, bei ya gasketi nyingine, ujira wa fundi kwa mara nyingine, na wateja ambao huenda wasirudi. Kwa mwenye pampu, siku hizo zinatosha kukausha bustani ya nyanya iliyokuwa ikitoa maua.

Mkulima hapandi mbegu akasahau palizi kwa kuwa mbegu imeota. Injini nayo ina palizi yake. Kitabu kikisema ikazwe tena, ikazwe kwa kipimo na kwa wakati. Kikisema isiguswe, isiguswe. Kinachopaswa kukoma ni tabia ya kuliacha jambo hilo liamuliwe na haraka ya siku ya kwanza.