Tuulinde Waya wa Ardhini

Tarehe 1 Aprili, 2025, kazi kubwa ya kusambaza umeme nchini Uganda ilirudi mikononi mwa shirika la umma, UEDCL, baada ya mkataba wa miaka 20 wa kampuni ya Umeme kumalizika. Mwendeshaji amebadilika, lakini mwizi wa shaba hajali mwenye mali ni nani. Kwa hiyo twaona ni wajibu wetu kuzungumza na ndugu zetu wa jeshi na polisi, ambao ndio wanaolinda mitambo hiyo usiku na mchana.

Tuchukue mfano wa Mbarara, mji unaosifika kwa maziwa. Kiwanda kikubwa hupokea umeme wa volti 11,000 au 33,000, nao huingia katika chumba chenye makabati ya chuma ya swichi. Kila kabati, mlango wake, ganda la kebo na nguzo za chuma za jengo hufungwa pamoja kwa ukanda wa shaba, na ukanda huo huunganishwa na fimbo zilizochimbiwa ardhini. Mafundi huuita ethi.

Kazi zake ni mbili. Kwanza, hitilafu ikitokea na umeme ukagusa chuma, ukanda huo huupa njia ya kurudi. Nguvu nyingi hupita kwa ghafla, na mtambo wa ulinzi huihisi na kukata umeme. Pili, vyuma vilivyofungwa pamoja hupanda na kushuka kwa volti karibu sawasawa, hata mtu aliyeshika viwili kwa wakati mmoja asigeuke kuwa daraja la umeme.

Hapa ndipo penye hatari. Siku za kawaida waya huu hauna kazi inayoonekana. Mwizi akiukata usiku, taa zitaendelea kuwaka, mashine zitaendelea kuzunguka, na asubuhi zamu mpya itapokea lindo ikiambiwa kwamba yote ni salama. Kumbe mauti yamebaki mlangoni mwa kabati, yakimngoja fundi, au mfanyakazi anayeosha sakafu, au askari mwenyewe anayeegemea chuma kupumzika.

Je, mwizi huyo ni nani? Kusini-mashariki ya Mbarara, wilayani Isingiro, ipo kambi ya Nakivale, iliyoanzishwa mwaka 1958, yenye wakimbizi kutoka Kongo, Burundi, Rwanda, Somalia na kwingineko. Wapo waendao mjini kutafuta kazi na biashara. Ni rahisi kumnyooshea mgeni kidole kila shaba inapopotea. Lakini lugha ya mtu si ushahidi. Shaba haina faida mpaka ipate mnunuzi. Basi upelelezi na ufike kwenye mizani ya wafanyabiashara wa vyuma chakavu. Marekebisho ya Sheria ya Umeme ya mwaka 2022 yaliongeza adhabu kwa waharibifu wa mitambo. Adhabu hiyo imfikie mkosaji wa kweli, kwani kumfunga asiye na hatia ni kumwacha mwizi huru arudi usiku wa pili.

Hatuna budi kuyatenda machache. Askari anapopokea lindo, ajionyeshe kwa macho, bila kugusa, kwamba kila ukanda wa shaba upo mahali pake, kisha aandike katika kitabu cha matukio. Akiukuta umekatwa, asiushike wala kujaribu kuufunga, kwa maana ncha zake zaweza kuwa na umeme. Awazuie watu wasikaribie na amwite fundi. Hata baada ya swichi kuzimwa, mtu asiguse kitu mpaka fundi apime na kufunga waya wa ardhini wa muda.

Askari hukagua bunduki yake wakati wa amani, ingawa hana adui mbele yake. Waya wa ardhini nao wastahili kukaguliwa vivyo hivyo, kabla ya siku utakapohitajika.