*TAARIFA KWA WANACHAMA WOTE WA TAWI: MCHANGO WA FILAMU*



Tangu juzi unazunguka ujumbe unaotaka kila mwanachama atoe Sh 2,000 za filamu ya maisha ya mheshimiwa mmoja anayetajwa kugombea. Mmenipigia wengi. Najibu hapa ili tusikie wote jibu moja.

*Kwanza*, mchango huo si wa tawi. Halmashauri Kuu ya Tawi haijaujadili, hauna muhtasari wala stakabadhi. Ujumbe unatisha kwamba majina ya wasiochanga yatapelekwa juu. Orodha hiyo ofisini haipo na sitaiandika. Mahindi yenyewe tunanunua, kahawa bado iko mtini. Asikope mzee yeyote kwa kuogopa simu. Uanachama wako ni kadi na ada.

*Pili*, filamu ya maisha ya mtu anayetafuta kura ni tangazo. Lumumba aliuawa Januari 1961. Filamu ya Raoul Peck ikatoka mwaka 2000. Mandela aliacha urais 1999. Filamu aliyoigiza Idris Elba ikatoka 2013. Hesabu hufungwa kwanza, ndipo hukaguliwa. Huyu wetu hata daftari hajafungua, tunaombwa tumpe hati safi!

*Tatu*, mnasema vijana wanahitaji mfano. Sawa. Mkoa wetu unaye Mzee Rashidi Mfaume Kawawa, mzaliwa wa Songea. Sinema aliijua kuliko sisi sote: miaka ya mwanzo ya 1950 aliigiza Muhogo Mchungu. Lakini hakuingia uongozini kwa sura ya kwenye sinema. Aliingia kwa kazi ya vyama vya wafanyakazi. Januari 1962 Mwalimu alipojiuzulu Uwaziri Mkuu ili akaijenge TANU, Kawawa alikabidhiwa kiti. Desemba mwaka huohuo Mwalimu akawa Rais, Kawawa akawa Makamu wake. Alikaa kitini, akampisha mwenzake, kazi ikaendelea. Mheshimiwa akishafanya hivyo, mchango wa filamu yake nitauanzisha mimi.

*Maelekezo:* Aliyekwisha kutoa amdai aliyempokelea. Anayetaka kuendelea kuchangisha alete hoja kwenye mkutano wa tawi, asimame, aeleze fedha inakwenda kwa nani. Wazee wanaomkumbuka Kawawa tuwarekodi kwa simu hizihizi. Hilo halina mchango.

Chama kwanza, mtu baadaye.

*Katibu wa Tawi, Mapera*