Theluthi ya pumzi: jinsi unene unavyoyabana mapafu

Wiki hii tunaitazama dalili inayopuuzwa katika nyumba zetu nyingi, nayo ni kuhema. Hapa Bagara, mjini Babati, mtu mnene akipanda kilima kidogo kisha akasimama kutafuta pumzi, wapo watakaosema ni mvivu, wapo watakaosema ni umri, na wapo watakaomwazima dawa ya pumu ya jirani. Ni wachache wanaojiuliza iwapo mapafu yake yana nafasi ya kufanya kazi.

Chini ya mapafu upo msuli mpana uitwao kiwambo, unaotenganisha kifua na tumbo. Tunapovuta hewa, kiwambo hushuka, mbavu hutanuka, na mapafu hujaa. Mafuta yakirundikana tumboni, hukisukuma kiwambo juu na kukizuia kushuka; na yale ya kifuani huzilemea mbavu. Mapafu yenyewe huenda yakawa mazima, ila yamebanwa. Akiba ya hewa hupungua, na njia ndogo za hewa zilizo sehemu ya chini ya mapafu huanza kujifunga. Wakati huohuo, mwili mzito unadai oksijeni zaidi kwa kila hatua. Mahitaji yamepanda na nafasi imepungua. Huo si uvivu.

Ndiyo maana hali huzidi mtu anapoinama au anapolala chali, kwani tumbo hukibana kiwambo zaidi. Hata msikitini tunayaona haya: mtu huinuka kutoka kwenye sijda akihema, na rakaa inayofuata humkuta bado anatafuta pumzi.

Jambo la hatari zaidi hutokea usiku. Mkoromo mkubwa tumezoea kuufanyia mzaha, tukidhani ni alama ya usingizi mnono. Mafuta ya shingoni huifanya njia ya hewa kuwa nyembamba, na usingizi unapolegeza misuli ya koo, njia hiyo huweza kuziba. Pumzi hukatika kwa sekunde 10 au zaidi, kisha mtu hushtuka kama aliyekabwa, akarejea kukoroma. Hayo yaweza kujirudia mara nyingi katika usiku mmoja. Asubuhi kichwa kinauma. Mchana anasinzia dukani, darasani, au, Allah atuepushe, akiwa ameshika usukani katika barabara ya Singida au Arusha. Aliyelala hajijui, shahidi wa kwanza ni mwenzi wake. Mama au baba anayeona pumzi ya mwenzake ikikatika usiku asinyamaze kwa haya, bali amsindikize hospitali na kumweleza daktari alichokiona.

Tatizo hili si la watu wachache. Utafiti wa kitaifa wa hali ya watu na afya wa mwaka 2015-16 ulionesha kuwa katika kila wanawake 100 wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 49, 28 walikuwa na uzito uliozidi au unene uliopitiliza. Nasi bado tunamsifu bibi harusi aliyenenepa kuwa ametunzwa. Kwa vipimo vya Shirika la Afya Duniani, mtu mwenye urefu wa sentimita 160 huingia katika unene uliopitiliza anapofikia kilo 77 hivi.

Hata hivyo, si kila kuhema kumetokana na unene. Maradhi ya moyo, pumu, kifua kikuu na upungufu wa damu nayo hukata pumzi. Unene huweza pia kuifanya pumu iwe ngumu kutibika. Basi mgonjwa apimwe, asikisiwe. Akihema hali ametulia, akiumwa kifua, miguu ikivimba au midomo ikigeuka rangi kuwa ya bluu, apelekwe hospitali bila kuchelewa.

Habari njema ni kwamba mapafu yaliyobanwa huweza kupata nafuu uzito unapopungua. Kwa mtu wa kilo 100, kupunguza kilo 5 hadi 10 tu huweza kumpa unafuu. Mtume wetu (s.a.w.), katika hadithi aliyoipokea Tirmidhi, ametufundisha kwamba mwanadamu yamtosha chakula cha kumsimamisha; na ikiwa hapana budi kula zaidi, basi theluthi ya tumbo iwe ya chakula, theluthi ya kinywaji, na theluthi ya pumzi. Tunahimiza sahani ya familia ianzie hapo: ugali upungue, mboga na maharage viongezeke, chai ipunguzwe sukari, maandazi na soda visiwe vya kila siku, na futari ya Ramadhani isigeuke kuwa fidia ya mchana mzima. Baada ya Alasiri tutembee, taratibu kwanza, tukiongeza kidogo kila wiki.

La mwisho ni ulimi. Anayehema hahitaji kejeli mezani. Anahitaji familia inayokula naye chakula kilekile na kutembea naye. Na asiyeweza kusujudu kwa dhiki ya pumzi, dini imemruhusu kuswali akiwa amekaa. Allah atujaalie kiasi katika kula, na awape wagonjwa wetu pumzi za faraja. Amin.