Pumzi si filamu ya kuazima

Pumzi, filamu ya Mkenya Wanuri Kahiu ya mwaka 2009, ina dakika zipatazo 21 tu, lakini lawama ilizobebeshwa zingeitosha filamu ya saa tatu. Wanaoikosoa husema ni fupi mno. Hadithi ni nyepesi, waigizaji wakavu, fedha ni za wageni, picha zimepigwa Afrika Kusini, tena jina ni la Kiswahili na ndani ni Kiingereza kitupu. Toleo hili, lililotengewa filamu zinazobashiri kesho, linaanza kwa kuitetea.

Hoja ya fedha imalizwe mapema. Ndiyo, ilifadhiliwa na mpango wa Africa First wa kampuni ya Focus Features ya Marekani, pamoja na Goethe-Institut na mfuko wa Changamoto, na 2010 ikaonyeshwa Sundance. Nairobi Half Life ya 2012 nayo ilishikwa mkono na One Fine Day Films ya Ujerumani, na hakuna anayeiita filamu ya Kijerumani. Lawama nyingine, kwamba inaiga filamu za nje, ina ukweli kidogo: korido zile nyeupe na sare zile humkumbusha mtazamaji THX 1138 ya George Lucas, ya 1971. Askari wanaovamia jumba la makumbusho nao wamechorwa harakaharaka, bajeti inaonekana. Lakini kufanana korido si kufanana hoja.

Hadithi yenyewe ni hii. Miaka 35 imepita tangu Vita vya Tatu vya Dunia, vilivyopiganiwa maji. Jamii ya Maitu inaishi ndani ya majengo yaliyofungwa. Mkojo na jasho husafishwa vikanywewa tena, na umeme hutoka kwa watu wanaokimbia na kupiga makasia juu ya mashine. Asha, mtunzaji wa makumbusho, akiota ndoto ya mti, mashine humwamuru ameze dawa ya kuzuia ndoto. Siku moja anapokea kifurushi cha udongo kisicho na jina la mtumaji. Anaupima, anakuta una unyevu na hauna sumu ya nyuklia. Anapanda mbegu, nayo inachipua. Akiomba ruhusa ya kutoka nje, Baraza linamkatalia: huko nje, linasema, hakuna uhai.

Jambo moja wakosoaji hulipita mbio. Watu wa Maitu hawafungui midomo. Wanazungumza kwa maandishi, na kompyuta ndiyo inayotoa sauti. Huo ndio ukavu unaolaumiwa, nao umekusudiwa: mahali ambapo hata ndoto inahitaji kibali, sauti ya mtu imeshatwaliwa. Kelele pekee zinazotoka mwilini ni kuhema kwa wanaozalisha umeme. Filamu inayoitwa Pumzi ingeanza wapi kwingine?

Sasa mtu aitazame akiwa Lamu, pale Ras Kitau, ncha ya kisiwa cha Manda inayoelekeana na Shela. Wageni hufika pale kwa ajili ya mchanga na upepo. Mwenyeji anajua kwamba Manda ni kisiwa chenye shida kubwa ya maji matamu. Humo kisiwani yamebaki magofu ya Takwa, mji uliokuwa na msikiti wa Ijumaa na kaburi la mnara, ukahamwa katika karne ya 17. Miongoni mwa sababu zinazotajwa ni visima kuingia chumvi. Inasimuliwa kwamba watu wake walivuka kwenda Shela, na Washela bado huzuru kaburi lile kuomba mvua. Huko Shela, vilima vya mchanga ndivyo vinavyoinywa mvua na kuyahifadhi maji yanayotegemewa na mji wa Lamu. Mchanga ukichezewa, mji unakauka. Mtu wa hapo atamwelewa mara moja Asha anapoigawa chupa yake ya maji na mwanamke wa usafi, yule yule atakayemsaidia kutoroka baadaye.

Baraza nalo si geni. Mradi wa umeme wa makaa ya mawe uliopangwa Kwasasi, hukohuko Lamu, wa megawati 1,050, ulikuwa umeshapata leseni kabla ya Mahakama ya Kitaifa ya Mazingira kuifuta Juni 2019, sababu mojawapo ikiwa ni kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Mwaka mmoja kabla ya hapo, Mahakama Kuu iliamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76 kwa hasara iliyoletwa na ujenzi wa bandari mpya ya Lamu. Gati la kwanza lilifunguliwa Mei 2021. Pumzi ilitangulia kesi hizo kwa miaka kadhaa, wala haikuzitabiri; ilichokishika ni tabia ya wakubwa kuamua wakiwa mbali na kuwaambia watu wa mahali kwamba hapana kitu hapo cha kuhifadhiwa.

Wanaouita mwisho wake mahubiri wasahau kidogo Hollywood, wamkumbuke Wangari Maathai, mtetezi wa miti. Mwaka huohuo wa 2009 Kahiu alimtengenezea filamu ya hali halisi, For Our Land. Asha anayeupa mche tone lake la mwisho la maji, kisha jasho lake, kisha kivuli cha mwili wake, ametoka kwenye historia hiyo, historia ya wanawake waliopigwa virungu kwa sababu ya miti. Tena wengi huacha kutazama mapema mno: kamera inapopanda, ng'ambo ya vilima unaonekana ukijani. Baraza lilidanganya.

Lawama moja inabaki na haki yake, nayo ni lugha. Dawa yake ni rahisi. Maneno ya filamu nzima ni machache, na mengi husemwa na mashine, hivyo kuyatia sauti ya Kiswahili si kazi kubwa. Vituo vya televisheni na waandaaji wa matamasha ya pwani wazungumze na wenye haki za filamu hii, waitie sauti, na onyesho la kwanza wakaliweke Shela.