Dashibodi Yako Inaweza Kumsingizia Mtu

Wasee, kila wiki naona video ya mtu ametengeneza dashibodi. Grafu za rangi, namba kubwa katikati ya skrini, amapiano inalia nyuma. Komenti zimejaa moto. Sina shida na hizo video, hata mimi naishi kwa kuposti. Shida yangu ni swali ambalo hakuna mtu huuliza kwa komenti: hiyo namba imetoka wapi?

Msimamo wangu ni huu, na mnaruhusiwa kunipinga: kama unajenga vitu juu ya MongoDB, jifunze paipulaini ya agrigesheni vizuri kabla hujagusa grafu yoyote. Sio juu inapendeza kwa CV. Ni juu hiyo namba unayotoa itamlipa mtu, itamkata mtu, ama itamfuta mtu kazi.

Tuanze polepole kwa wale hawajawahi kukutana nayo. MongoDB ilitoka mwaka wa 2009. Haipangi data kwa jedwali kama zile za darasani, inaweka dokumenti. Chukua duka la mtumba linalouza online. Nguo zinatoka Gikomba, zinapelekwa na watu wa nduthi. Oda moja ni dokumenti moja: jina la mteja, tarehe, mtaa, kama imelipwa ama imeghairiwa, ada ya kupeleka, halafu ndani yake orodha ya bidhaa na bei zake. Kila kitu cha hiyo oda kiko mahali pamoja, kama karatasi moja ya risiti.

Sasa mwenye duka anauliza: mwezi huu, ni mitaa gani 5 imenunua zaidi?

Wengi wetu hukimbilia njia moja. Tunavuta oda zote hadi kwa programu yetu, halafu tunazipitia moja moja na JavaScript tukijumlisha. Piga hesabu. Oda 50,000, kila moja kilobaiti 2, hiyo ni kama megabaiti 100. Umevuta megabaiti 100 kwa mtandao ndio upate mistari 5. Ni kama kwenda Marikiti, ununue magunia yote, ukodi lori hadi Githurai, halafu ukifika kwa nyumba ndio unachagua nyanya tano za kupika.

Paipulaini inafanya kazi hapo hapo sokoni. Unaandika hatua kwa mpangilio, na kila hatua inapokea kilichotoka kwa ile iliyotangulia. $match inachuja: nipe oda za mwezi huu zilizolipwa peke yake. $group inazitenga kwa mafungu kulingana na mtaa na kujumlisha pesa ya kila fungu. $sort inapanga kutoka kubwa kwenda ndogo. $limit inabakisha 5. Kinachosafiri hadi kwa seva yako ni hiyo mistari 5 tu.

Wazo lenyewe ni la kitambo. Mwaka wa 1973, kule Bell Labs, Ken Thompson aliweka mabomba ndani ya Unix, kitu ambacho Doug McIlroy alikuwa amekipigania kwa miaka: programu moja inamwagia nyingine kazi yake, kama maji. MongoDB ilileta yake kwenye toleo la 2.2 mwaka wa 2012. Kwa hivyo usiniambie hii ni fasheni ya juzi.

Mpangilio wa hatua sio urembo. Hakuna nyumba huchemsha maharagwe kwanza halafu waanze kutoa mawe. $match ikikaa mwanzo, inaweza kutumia indeksi, kwa hivyo hifadhidata hailazimiki kusoma kila dokumenti. Ukitaka kuchuja oda zilizoghairiwa baada ya $group, umechelewa, zishachanganyika na zile nzuri ndani ya jumla. Na hatua nzito kama $group ina kikomo cha megabaiti 100 za kumbukumbu. Ikizidi hapo, inaandika kwa diski ama inakataa kabisa, kulingana na toleo na mipangilio yako. Chuja mapema, upunguze mzigo.

Lakini kasi sio hoja yangu kubwa. Hoja yangu ni ukweli.

Kuna mtu wa nduthi namjua, duka lenyewe sitalitaja. Anapeleka nguo, anapokea ada ya kupeleka kutoka kwa mteja, wiki ikiisha anawasilisha kwa duka. Wiki moja ripoti ikasema pesa aliyoleta ni kidogo kuliko ile alikusanya. Wiki iliyofuata, hivyo hivyo. Akaitwa mwizi mbele ya wenzake. Bahati yake ni kwamba wateja wengi walilipa kwa M-Pesa, akakaa jioni nzima akionyesha meseji moja baada ya nyingine, oda kwa oda. Meseji zilikuwa sawa. Ripoti ndiyo ilikuwa inadanganya.

Ilidanganya hivi. Oda moja ilikuwa na jinzi ya 800, tisheti ya 300 na koti ya 1,200. Ada ya kupeleka, 250. Aliyeandika ripoti alitaka mauzo ya kila bidhaa, kwa hivyo akatumia $unwind, hatua inayofungua orodha na kutoa nakala moja ya dokumenti kwa kila kitu kilicho ndani. Bidhaa 3, nakala 3. Sawa kabisa kwa bei za nguo. Lakini kila nakala inabeba ile ada ya 250 pia. Ukijumlisha ada baada ya hapo, unapata 750. Shilingi 500 hazijawahi kuwepo duniani. Oda 200 za aina hiyo, ni 100,000.

Sisi Wakenya tunajua wafanyakazi hewa. Basi hii ni pesa hewa, na mtu wa nduthi ndiye alidaiwa. Duka lilirekebisha ripoti. Yeye hakurudi kufanya kazi pale, na mimi ningekuwa yeye nisingerudi.

Dawa yake wala sio ngumu. Jumlisha ada kabla hujafungua orodha. Ama usifungue kabisa: $sum inaweza kujumlisha bei zote za orodha zikiwa bado ndani ya dokumenti yao. Kitu cha dakika kumi. Lakini lazima kwanza ujue kwamba $unwind inazidisha.

Na hiyo sio mtego wa pekee. Kuna hii mingine, na yote iko kimya, haitoi kosa lolote kwa skrini:

Moja, $unwind ikikutana na oda ambayo orodha yake ni tupu ama haipo, inaitupa nje bila kuaga. Kama unataka ibaki, lazima uiambie kwa preserveNullAndEmptyArrays.

Mbili, $sum inaruka kitu chochote ambacho si namba. Mtu akijaza fomu na bei ikahifadhiwa kama maandishi "800" badala ya namba 800, hiyo pesa haihesabiwi. Kwa macho zinafanana. Kwa hifadhidata, moja ni pesa na nyingine ni neno tu.

Tatu, saa. MongoDB inaweka tarehe kwa saa za UTC, na Kenya tuko mbele kwa masaa 3. Oda iliyoingia saa saba usiku wa kuamkia Jumamosi, kwake ni Ijumaa saa nne usiku. Ukipanga mauzo kwa siku bila kutaja "Africa/Nairobi", kila oda ya kati ya saa sita usiku na saa tisa inaangukia siku ya jana. Kama kuna mtu wa zamu ya usiku analipwa bonasi kwa mauzo ya siku yake, umempa mwenzake jasho lake.

Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Siku hizi daftari tunalo, tena kubwa. Mali inapotelea kwa yule anayelisoma.

Najua kuna mtu ashaanza kuandika kwa komenti: "Si AI itaniandikia?" Itakuandikia, tena kwa sekunde chache, na itakupa kitu kinachokimbia bila kosa. Lakini hata ile ripoti iliyomsingizia msee wa nduthi ilikuwa inakimbia bila kosa. AI haijui kwamba kwa duka lako ada ni ya oda nzima na sio ya kila nguo. Wewe ndio unajua. Ukishindwa kusoma ilichoandika, basi hakuna mtu amekagua hiyo hesabu, na jina kwa hiyo kazi ni lako.

Mwingine atasema: "Tumia Postgres tu, achana na hii." Kuna kazi ambazo nakubaliana na wewe kabisa, haswa kama data yako ni akaunti na miamala inayoshikana kila upande. Lakini sio kila mara unachagua. Unaitwa kwa biashara, unapata miaka mitatu ya oda zishakaa ndani ya dokumenti. Hautawaambia wahame ndio uwajibu swali moja. Na hata huko kwa SQL, ukiunganisha jedwali vibaya, ada itajirudia vile vile.

Kile napendea paipulaini ni kwamba inakubali kukaguliwa. Unaweza kukata hatua zote za chini, ubaki na ya kwanza peke yake, uangalie nini kimetoka. Halafu unaongeza ya pili, unaangalia tena. Ikifika mahali oda 1 imekuwa 3, unaiona na macho yako. Jaribu kufanya hivyo na mistari 90 ya JavaScript ambayo iliandikwa usiku na mtu ashaacha kazi.

Kwa hivyo ombi langu ni dogo. Kabla uposti dashibodi, ama uipeleke kwa mteja, chagua oda 5. Chagua zile za ajabu: moja iliyoghairiwa, moja yenye bidhaa nyingi, moja isiyo na bidhaa, moja ya usiku wa manane, moja ya kawaida. Chukua kalamu, uzijumlishe mwenyewe kwa karatasi. Halafu pitisha hizo 5 kwa paipulaini yako. Majibu yakitofautiana, usiposti.

Mimi niliacha kampasi na sijifichi, kwa hivyo sitakuambia hii inahitaji digrii. Inahitaji jioni moja, MongoDB kwa laptopu yako, na moyo wa kukubali kwamba nyuma ya kila dokumenti kuna mtu ambaye hatawahi kuona msimbo wako, lakini atakula ama atalala njaa kulingana nao.

Kama ushawahi kukatwa pesa juu ya "sistimu imesema", niandikie hapo chini vile iliisha. Bila majina, tafadhali. Nataka tuhesabu pamoja.